Punje, mkebe, sufuria au samaki: kumchagulia paka chakula Mombasa

Anayetaka kulisha paka Mombasa ana njia nne mbele yake. Kuna punje kavu za mfukoni, kuna chakula laini cha mkebe au pakiti, kuna cha kupika mwenyewe, na kuna kile ambacho paka wengi wa Mji wa Kale, Likoni na Kisauni wamekulia: samaki, sima na kilichobaki mezani. Watu hubishana utadhani kimoja ni halali na vingine haramu. Kila kimoja kina pengo lake. La kujiuliza ni pengo lipi unaloweza kuliziba wewe, kwa friji yako, saa zako za kazi na mfuko wako, kila siku bila kuchoka.

Vipimo vyetu

Tutapima kwa mambo manne: virutubisho, maji, ustahimilivu wa joto la Pwani, na gharama ya siku.

Virutubisho kwanza, maana hapo ndipo paka anapotofautiana na mbwa na binadamu. Ini lake halitengenezi taurini (aina ya asidi-amino) ya kutosha, kwa hiyo lazima aile, na taurini imo kwenye nyama na samaki, haimo kwenye nafaka. Akiikosa kwa miezi, retina ya jicho huharibika na misuli ya moyo hulegea. Uhusiano huo wa taurini na moyo wa paka ulielezwa na watafiti mwaka 1987. Madhara hayaonekani wiki ya kwanza wala ya nne, ndiyo maana mwenye paka huapa kwamba "huyu wangu amekula hivi miaka na hana tatizo". Pia hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, na anahitaji kalisi inayolingana na fosforasi, uwiano wa kama 1:1 au kalisi kuzidi kidogo. Nyama tupu ina fosforasi tele na kalisi kiduchu.

Maji: paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 kwa siku, kwa kunywa na kupitia chakula. Asili yake ni mnyama wa jangwani na kiu yake ni dhaifu. Usitegemee kwamba atakunywa akihitaji.

Kwa hesabu zote hapa chini tunamchukua paka mmoja: mzima, kilo 4, amehasiwa au amefungwa kizazi, anakaa ndani zaidi. Huyo anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku. Anayerandaranda juu ya mapaa usiku kucha atahitaji zaidi kidogo.

Punje kavu

Kwa virutubisho, mfuko ulioandikwa "complete" pamoja na umri wa paka unaolengwa unamaanisha taurini, kalisi na vitamini zimeshapimwa kiwandani. Ukikuta "complementary", hicho ni cha kuonjeshea, hakimtoshi peke yake. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, vinavyotajwa kwenye mifuko mingi, vinataka protini isiyopungua asilimia 26 ya uzito mkavu kwa paka mzima, na 30 kwa mtoto, mwenye mimba au anayenyonyesha. Ndiyo, kuna wanga ndani. Punje haishikani bila wanga. Paka humeng'enya wanga uliopikwa, kwa hiyo tusiogope mahindi kwenye lebo kuliko inavyostahili.

Pengo lake ni maji. Gramu 55 za punje, ambazo ndizo kilokalori 200 kwa punje nyingi, zinampa paka kama mililita 5 tu za maji. Zilizobaki, karibu 195, lazima azinywe. Weka bakuli mbili au tatu pana, mbali na chakula na mbali na sanduku la choo, ubadilishe maji asubuhi na jioni. Na yawe maji matamu: nyumba nyingi Mombasa zina maji ya kisima yenye chumvi kwa kuogea, na paka hatakunywa ya kutosha kutoka humo. Mpe yale yale ya mtungi unayokunywa wewe. Unaweza pia kuzilowesha punje kwa vijiko vitatu vinne vya maji ya vuguvugu, mradi uziondoe zisipoliwa ndani ya saa moja.

Joto haliziharibu punje kwa siku moja, na hapo zinashinda vyakula vingine vyote. Unyevu ndio adui. Mfuko ukikaa wazi, mafuta yaliyopakwa juu ya punje huchacha, na punje zikilainika huota kuvu. Ziache kwenye mfuko wake, ukunje mdomo, uutie wote ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye ndoo, mafuta ya zamani hubaki ukutani mwa ndoo na kuchachusha mzigo mpya. Nunua mfuko utakaoisha ndani ya mwezi: kilo 1.5 kwa gramu 55 kwa siku ni siku 27.

Kuhusu punje za kupimiwa kutoka gunia: bei huvutia, lakini unaondoka bila tarehe, bila lebo, na bila kujua gunia lilifunguliwa lini. Kama ndizo unazozimudu, piga picha lebo ya gunia, chagua gunia lililofunguliwa karibuni, unuse. Harufu ya mafuta ya chipsi yaliyorudiwa kukaangia haikubaliki hata kama paka mwenyewe anakula.

Gharama: gawanya bei ya mfuko kwa gramu zake, zidisha kwa gramu za siku. Kati ya vyakula kamili vya dukani, punje karibu kila mara ndizo rahisi zaidi kwa siku.

Kinachoharibika zaidi ni kipimo. Bakuli lililojaa mchana kutwa hunenepesha paka wa ndani kimyakimya. Gramu 10 za ziada ni konzi ndogo tu, lakini ni kilokalori 37, karibu sehemu moja ya tano ya chakula cha siku. Tumia mizani ya jikoni, si kikombe. Na ile habari kwamba punje husafisha meno, usiitegemee. Punje za kawaida hupasuka jino likigusa tu.

Zinawafaa wanaotoka alfajiri na kurudi magharibi, wenye paka zaidi ya mmoja, na wasio na friji.

Mkebe na pakiti

Kanuni ya "complete" ni ile ile, na hapa ina uzito zaidi, kwa sababu mikebe mingi mizuri ya vipande vya jodari au kuku ni ya kuonjeshea. Tazama maandishi madogo nyuma. Jodari wa mkebe wa binadamu hahesabiki kabisa: hana vitamini E ya kutosha, mara nyingi ana chumvi, na paka akimzoea hukataa kila kitu kingine.

Asilimia ya protini itakushtua. Pakiti inaandika 8, mfuko wa punje unaandika 30, na mtu anahitimisha kwamba pakiti ni maji matupu. Toa maji kwanza. Pakiti yenye unyevu asilimia 82 ina kitu kikavu asilimia 18. Gawa 8 kwa 18, unapata 44. Punje zenye unyevu 10: gawa 30 kwa 90, unapata 33. Pakiti imeshinda, na lebo ilikuwa inaonyesha kinyume.

Kwenye maji ndiko chakula hiki kinakotamba. Pakiti ndogo ya gramu 85 huwa na kilokalori kama 75, hivyo paka wetu anakula pakiti mbili na nusu hadi tatu. Gramu 230 hivi za chakula laini zinampa mililita 185 za maji bila yeye kugusa bakuli. Kwa paka dume mwenye historia ya mkojo kuziba, au paka mzee ambaye figo zimeanza kuchoka, tofauti hiyo si ya kupuuza.

Joto ni pengo lake. Kwa hewa ya Mombasa, kilichobaki kwenye sahani baada ya nusu saa hadi saa moja kitupwe. Nzi wanakiona kabla yako, na sisimizi pia, ingawa hao unawazuia kwa kuweka bakuli katikati ya sahani yenye maji. Mkebe uliofunguliwa hamishia kwenye chombo chenye kifuniko, friji, usizidi siku mbili; stima zikipotea usiku mzima, usiuonje kwa pua ukaamua, tupa. Asiye na friji anunue pakiti ndogo badala ya mkebe wa gramu 400. Na ukitoa kwenye friji usimpe baridi: chakula baridi hakinukii, na paka hula kwa pua. Tia bakuli ndani ya maji moto dakika tano.

Gharama ndiyo pengo la pili. Pakiti tatu kwa siku ni 90 kwa mwezi kwa paka mmoja. Zidisha bei ya duka lako kabla hujamzoesha.

Kinawafaa wanaokula na paka wao nyumbani mara mbili tatu kwa siku, wenye paka wasiopenda kunywa, wazee, wenye meno mabovu, na paka mnene anayehitaji kushiba kwa kalori chache.

Sufuria ya nyumbani

Hapa sifa ni nyingi na ukweli ni mchungu: kuku wa kuchemsha peke yake, hata akiwa freshi kutoka soko la Kongowea, si chakula kamili. Paka mdogo anayelishwa nyama tupu hukosa kalisi, mwili unaichota kwenye mifupa, na mifupa huvunjika akiruka kutoka kwenye kiti. Pengo la sufuria ni madini na vitamini, na haliweki dalili mpaka limeshakuwa kubwa.

Mseto unaokaribia unakotakiwa kwenda, kwa nusu kilo hivi ya nyama, ni huu: gramu 350 za mapaja ya kuku bila mifupa, gramu 100 za mioyo ya kuku, gramu 25 za maini, na yai moja lililopikwa. Paja na moyo vina taurini kuliko kidari, ndiyo maana kidari hakimo. Chemsha kwa maji kidogo, moto wa chini, bila kitunguu, bila thomu, bila bizari. Usimwage supu! Taurini huyeyuka na kuhamia kwenye maji. Ukimwaga supu umemwaga ulichonunulia mioyo. Ikipoa, koroga ndani gramu 3 za unga wa maganda ya mayai, sawa na nusu kijiko cha chai kilichojaa. Maganda yachemshwe dakika 10, yakaushwe, yasagwe hadi yawe kama poda. Yakibaki vipande yanakwaruza na hayafyonzwi vizuri. Gramu 3 hizo zina zaidi kidogo ya gramu 1 ya kalisi, kiasi kinacholingana na fosforasi ya nusu kilo ya nyama.

Maini usiyazidishe. Gramu 25 katika nusu kilo zinatosha. Paka hupenda maini kupita kiasi, na bucha huyatoa kwa bei nafuu, lakini akilishwa maini kila siku kwa miezi, vitamini A hujikusanya na mifupa ya shingo na mgongo huanza kushikamana hadi ashindwe kujilamba.

Hata hivyo mseto huu bado haujatimia: vitamini E, iodini, manganizi na vingine havifiki kiwango. Ni salama kama mlo wa hapa na pale au nusu ya chakula cha siku kwa paka mzima mwenye afya. Ukitaka uwe chakula chake pekee, daktari wa mifugo aandike kipimo cha mchanganyiko wa vitamini na taurini ya ziada. Taurini iwe tupu, ya unga au kidonge. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina taurini, ndiyo, pamoja na kafeini inayoweza kumuua paka. Kuna mtu ameshawahi kuuliza.

Maji yapo ya kutosha kwa sababu ya supu. Joto: pika cha siku mbili, kilichozidi kigandishe kwa vifungu vya gramu 110, ambavyo ni takriban chakula cha siku kikipimwa bila supu. Gharama inategemea kuku. Mara nyingi huangukia kati ya punje na pakiti, ila muda wako haumo kwenye hesabu hiyo.

Inawafaa wenye friji ya barafu, mizani na subira, na paka ambao tumbo lao halielewani na vyakula vya kiwandani.

Samaki, sima na mabaki

Tukitendee haki chakula hiki. Samaki ana protini bora na taurini. Sima si sumu. Tatizo lake ni kujaza tumbo, paka akashiba kabla ya kupata alichohitaji. Nacho hakihitaji duka: vichwa vya changu na tafi kutoka kwa mchuuzi hupatikana kwa bei ya kutupa. Hakuna kinachokishinda kwa gharama.

Mapengo yake ni kadhaa. Samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Paka anayelishwa mabichi tu huanza kukataa chakula, kisha kuyumba, kuinamisha kichwa kifuani, mwishowe degedege. Kupika hukiua kimeng'enya hicho, basi pika. Samaki wa mafuta kama jodari na vibua, akiwa ndiye chakula kikuu, humaliza vitamini E mwilini na mafuta ya chini ya ngozi huvimba. Paka analia ukimgusa tumbo na hataki kuruka. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi isiyofaa hata kidogo. Na mwiba wa samaki mkubwa uliopikwa hukwama kooni au kutoboa utumbo.

Namna bora ya kumlisha samaki ni wadogo wazima, samaki aina ya simu au omena, kwa sababu mifupa yao laini inaleta kalisi. Omena walowesheni maji ya vuguvugu dakika 15, wasugue mchanga utoke, badilisha maji mara mbili, chemsha dakika 10, mpe na supu yake. Kichwa cha samaki mkubwa chemsha, chambua nyama kwa vidole, mifupa itupe mahali asipofikia.

Mabaki ya mezani ndiyo yanayoangusha nyumba za Waswahili. Mchuzi wa samaki wa nazi una vitunguu na thomu, na vyote hupasua chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi, vimekaangwa au vimesagwa ndani ya pilau. Kuosha kipande cha samaki kwa maji hakuondoi kilichoingia ndani. Tenga chake kabla hujatia viungo. Unga uliovunda usimpikie sima kwa hoja kwamba "ni ya paka tu". Sumukuvu inaua ini lake kama linavyouawa la mtu. Maziwa nayo huwaharisha paka wazima wengi.

Peke yake chakula hiki kinamtosha paka wa mtaani anayejiongezea panya na mijusi, kwa sababu panya mzima ana moyo, ini, mifupa na maji. Paka wa ghorofani Nyali hana panya. Na kwa wenye maduka Marikiti wanaomnyima paka ili awinde: paka huwinda akishiba vilevile. Aliyeshiba ana nguvu za kumkimbiza.

Kuhama bila kumuumiza

Siku mbili tatu robo ya kipya, mbili tatu nusu, mbili tatu robo tatu, kisha chote: siku 7 hadi 10. Akiharisha, rudi hatua moja nyuma. Kwa paka aliyeshikilia samaki, mwagia punje supu ya samaki ya vuguvugu, kisha punguza supu kidogo kidogo. Usimwache na njaa "mpaka akubali". Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa mnene, mafuta huvamia ini na anaweza kufa. Akipita saa 24 bila kula chochote, mrudishie cha zamani, na akikataa hicho pia, ni safari ya kwa daktari.

Mpime kila mwezi: panda mizani naye mikononi, panda peke yako, toa.

Kulingana na hali yako

Unafanya kazi kutwa, bajeti ya wastani, paka mmoja wa ndani: gramu 35 za punje zigawe asubuhi na jioni, na pakiti moja ya gramu 85 ukiwa nyumbani. Hiyo ni kama kilokalori 205, na pengo la maji limepungua.

Bajeti ndogo na mchuuzi wa samaki mlangoni: gramu 50 za punje kamili, na gramu 15 hadi 20 za samaki aliyechemshwa bila chumvi. Virutubisho vinatoka kwenye punje, raha inatoka kwenye samaki.

Mtoto wa paka aliyeachishwa ziwa, au jike mwenye mimba: usijaribu sufuria wala samaki pekee. Chakula kamili cha watoto wa paka, kavu kilicholoweshwa au laini, mara 3 hadi 4 kwa siku. Makosa ya kalisi katika umri huu hayarekebishiki kirahisi.

Una mbwa pia: chakula cha mbwa hakina taurini ya kutosha. Kuiba mara moja si neno, kuishi nacho hapana. Lisha paka juu ya meza.

Unalisha kundi la paka wa nje ya nyumba: punje kavu, kiasi wanachomaliza kwa dakika 20, saa ile ile kila siku, na maji matamu kivulini. Chakula kinachobaki chini usiku huita panya na kunguru.

Dume anayechuchumaa mchangani mara kwa mara, analia, na mkojo hautoki au ni matone: hapo suala la chakula liache kabisa. Njia imeziba, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Habari ya kuhamia pakiti mtaizungumza akishafunguliwa mkojo.